Kuwaenzi marehemu vyuoni Dar: Jina, mfuko na mchango wa wanafunzi

Na Mwandishi Wetu

JIJI la Dar es Salaam lina vyuo ambavyo majina, kumbi na mifuko yake ya ufadhili hubeba kumbukumbu za watu waliokwisha kutangulia mbele ya haki. Kuanzia Mikocheni katika Wilaya ya Kinondoni hadi Kigamboni, eneo lililokuwa sehemu ya Temeke kabla halijawa wilaya inayojitegemea, mwanafunzi mgeni husoma jina la marehemu langoni kabla hajaonana na mhadhiri wake wa kwanza.

Hata hivyo, liko swali linalostahili kuulizwa kila inapofika siku ya kumbukumbu: mwanafunzi aliye hai ananufaika nini? Makala haya yanaeleza njia tatu ambazo jumuiya za vyuo hutumia kuwaenzi waliofariki, yaani jina, mfuko na mchango wa wanafunzi wenyewe. Aidha, yanaeleza taratibu ambazo mwanafunzi aliyefiwa anapaswa kuzifahamu mapema.

Majina yaliyobaki langoni

Mfano wa karibu kwa wakazi wa Kinondoni uko Mikocheni. Profesa Hubert Kairuki, daktari aliyeanzisha Hospitali ya Mission Mikocheni pamoja na mkewe mwaka 1987, alifungua chuo kikuu cha sayansi za afya katika eneo hilo mwaka 1997. Miaka miwili baadaye, Februari 6, 1999, alifariki dunia. Chuo kilipewa jina lake na kufahamika kwa miaka mingi kama Chuo Kikuu cha Kumbukumbu ya Hubert Kairuki, na sasa huitwa Chuo Kikuu cha Kairuki. Hospitali nayo ilichukua jina hilo hilo.

Ng'ambo ya kivuko, Chuo cha Kivukoni kilianzishwa Julai 1961, miezi michache kabla ya Uhuru wa Tanganyika, kwa mfano wa Chuo cha Ruskin cha Oxford, Uingereza, ili kuwapa elimu watu wazima na viongozi ambao hawakupata nafasi ya kusoma. Mwalimu Julius Nyerere alipofariki dunia mjini London Oktoba 14, 1999, taifa lilitafuta njia za kulihifadhi jina lake, na kwa sheria ya mwaka 2005 chuo hicho kikawa Chuo cha Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere.

Nje ya Dar es Salaam, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo mjini Morogoro kinalikumbuka jina la Waziri Mkuu Edward Moringe Sokoine, aliyefariki katika ajali ya gari Aprili 12, 1984.

Jina lina heshima yake, kwani humfanya kijana aliyezaliwa baada ya mwaka 1999 aulize Kairuki alikuwa nani, au kwa nini kiongozi wa nchi alihitaji chuo cha watu wazima. Lakini jina pekee halilipi ada wala halinunui kitabu.

Mfuko na Kigoda

Njia ya pili huanzia hapo. Mwaka 2009, ulipotimia muongo mmoja tangu kifo cha Mwalimu, Benki Kuu ya Tanzania ilianzisha mfuko wa ufadhili wa masomo wa kumbukumbu yake. Mfuko huo umewalipia masomo wanafunzi waliofanya vizuri, kwa msisitizo wa wasichana wanaosoma hisabati na sayansi, sanjari na wanafunzi wa fani kama uchumi na uhasibu. Hapa kumbukumbu imegeuka kuwa ada na posho, na kila anayehitimu hubaki kuwa ushahidi kwamba marehemu hakusahauliwa.

Katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambacho kampasi yake ya Mlimani ilikuwa Kinondoni kabla Ubungo haijawa wilaya, kumbukumbu ilichukua sura ya mjadala. Kigoda cha Mwalimu Nyerere cha Taaluma za Umajumui wa Afrika kilianzishwa mwaka 2008, Profesa Issa Shivji akiwa mshika kigoda wa kwanza, na Profesa Penina Mlama akafuata baadaye. Tamasha la kwanza la kitaaluma, mwaka 2009, lilimleta mwandishi Wole Soyinka wa Nigeria mbele ya wanafunzi katika Ukumbi wa Nkrumah, ambao nao umepewa jina la kiongozi aliyefariki mwaka 1972.

Mwanafunzi anapofariki

Majina na mifuko huwahusu watu mashuhuri. Kwa mwanafunzi wa kawaida, heshima ya mwisho hutoka kwa wenzake. Habari ikifika kwamba mwanafunzi amefariki katika Hospitali ya Mwananyamala, ya Temeke au ya Taifa Muhimbili, viongozi wa darasa hupitisha daftari la michango, na siku hizi michango mingi hupita kwenye simu. Serikali ya wanafunzi na ofisi ya mshauri wa wanafunzi huwasiliana na familia kuhusu jeneza, gari na wawakilishi watakaosindikiza mwili. Kama marehemu ni Muislamu, yote hayo hufanyika kwa saa chache, kwa sababu maziko hayacheleweshwi.

Tukio ambalo wakazi wengi wa Kinondoni hawajalisahau ni la Februari 16, 2018. Akwilina Akwilini, mwanafunzi wa Chuo cha Taifa cha Usafirishaji kilichopo Mabibo, aliuawa kwa risasi akiwa ndani ya daladala eneo la Mkwajuni, wakati polisi wakitawanya wafuasi wa Chadema waliokuwa wakiandamana siku moja kabla ya uchaguzi mdogo wa ubunge wa Kinondoni. Hakuwa mwandamanaji. Serikali ilitangaza kugharamia mazishi, na wanafunzi wenzake walimuaga katika viwanja vya chuo kabla ya safari ya kwenda kwao Rombo, mkoani Kilimanjaro.

Nchi jirani ya Kenya ilipata msiba mkubwa zaidi Aprili 2, 2015, pale magaidi wa Al-Shabaab walipovamia Chuo Kikuu cha Garissa na kuua watu 148, wengi wao wanafunzi. Pamoja na ibada za maombolezo, ilibidi walionusurika watafutiwe mahali pa kuendelea na masomo, na wengi walihamishiwa Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret. Kampasi ya Garissa ilifunguliwa tena Januari 2016. Funzo la Garissa ni kwamba baada ya jeneza kuondoka, hubaki kijana mwenye hofu, asiye na madaftari na ambaye mitihani inamsubiri.

Aliyefiwa na mzazi

Msiba unaowagusa wanafunzi wengi zaidi ni wa mzazi au mlezi, kwa sababu mara nyingi aliyefariki ndiye aliyekuwa akilipa ada. Hapa huruma ya wenzake haitoshi bila karatasi sahihi.

Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004 na kuanza kazi mwaka 2005, hulitazama suala la uyatima inapopima uhitaji wa mwombaji. Lakini mwombaji hutakiwa kuthibitisha kifo cha mzazi kwa cheti kilichohakikiwa na Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini (RITA), au na mamlaka inayohusika iwapo kifo kilitokea Zanzibar.

Familia nyingi hukwama hapo. Kibali cha mazishi kinachotolewa hospitali au na mtendaji wa eneo si cheti cha kifo. Kibali huruhusu kuzika, kisha ndugu hutakiwa kwenda nacho katika ofisi ya usajili ya wilaya ili kifo kiandikishwe na cheti kitolewe. Msiba ukiisha, ndugu hutawanyika, kibali huwekwa kabatini, na miaka minne baadaye mtoto wa marehemu huanza kukitafuta wakati dirisha la maombi ya mkopo linakaribia kufungwa.

Kwa aliyeko chuoni tayari, hatua ya kwanza ni kuitaarifu ofisi ya mshauri wa wanafunzi na idara yake kwa maandishi kabla ya kusafiri. Anayeondoka bila taarifa na kukosa mtihani huhesabiwa mtoro, ilhali aliyeomba ruhusa anaweza kuombewa mtihani maalumu au kuahirisha masomo kwa mujibu wa kanuni za chuo chake.

Siku ya kuwakumbuka

Kila imani ina siku zake. Wakatoliki huwaombea marehemu wote Novemba 2, na wengi huzuru na kusafisha makaburi, yakiwamo yale ya Kinondoni. Waislamu husoma hitima na dua, na arobaini huwakutanisha tena wafiwa. Jumuiya za dini vyuoni huzibeba desturi hizo pale mwanafunzi anapokuwa mbali na kwao.

Tarehe hiyo ya Novemba inaadhimishwa pia mbali na hapa. Nchini Mexico, Novemba 1 na 2 ni Siku ya Wafu, desturi ambayo UNESCO iliiingiza katika orodha ya urithi wa binadamu mwaka 2008. Katika vyuo vya Marekani, wanafunzi wenye asili ya Amerika ya Kusini na Kati hujenga meza za kumbukumbu zenye picha, maua, mishumaa na vyakula walivyovipenda marehemu wao. Kwa kijana ambaye ni wa kwanza katika familia yake kufika chuoni, mkusanyiko huo huwa pia mahali pa kupata wenzake na msaada.

Pengo lililobaki

Njia hizi tatu zina mipaka. Jina ni la wachache. Mfuko huwafikia waliofaulu kuliko wengine. Mchango wa darasa, ambao ndio mpana kuliko yote, mara nyingi huishia kaburini, na aliyefiwa hurudi chuoni akiwa na deni la ada na wiki tatu za mihadhara asizozisikia.

Pengo hilo halihitaji benki wala sheria mpya. Darasa linaloweza kukusanya fedha za jeneza kwa siku moja linaweza kumteua mtu wa kumnakilia mwenzao mihadhara, mwingine wa kufuatilia ruhusa ya mitihani, na mwingine wa kuwakumbusha ndugu kuhusu cheti cha kifo kabla hawajatawanyika. Wahenga walisema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na kwa mwanafunzi aliyefiwa, dhiki kubwa huanza pale turubai la msiba linapoteremshwa.