Mlima Mmoja, Maji Mawili

Nikiwa Dar es Salaam sihitaji kujitambulisha. Nikicheka tu, mtu anadakia, "Kumbe wewe wa Arusha!" Meno yangu ya kahawia yameshanitaja. Hapa Usa River, ambako mimi ni fundi bomba, meno hayo yananipa heshima kuliko cheti cha VETA: mteja akiyaona anajua maji ya huku nayafahamu.

Kwa meno haya wengi wanaulaumu Mlima Meru, na kweli una sehemu yake. Ni volkano, na miamba na majivu yake yana floraidi nyingi, madini yanayotia meno madoa. Lakini Wameru wa kale hawakujenga huku chini. Walikaa juu, Akeri, Poli, Nkoaranga, kwenye migomba, wakachimba mifereji kutoka kwenye vijito vya msituni, wakaizibua kwa pamoja na kupeana maji kwa zamu. Maji yakitoka msituni bado ni mepesi. Kadiri yanavyoteremka ndivyo yanavyozidi kubeba madini. Bondeni palikuwa pa malisho.

Wajerumani wakaja. Boma la Arusha lilijengwa mwaka 1900, na miaka michache baadaye mashamba ya walowezi yakaanza kuuzunguka mlima: Makaburu kutoka Afrika Kusini, na Wajerumani waliotoka Urusi, ambao waliwekwa hapahapa Leganga. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia Waingereza wakayauza upya kwa wageni wengine. Reli ya kutoka Moshi ilipofika Arusha mwaka 1929, ilipita katikati ya mashamba hayo. Kule juu watu waliongezeka, ardhi haikuongezeka. Aliyetaka nafasi alizunguka mashariki, King'ori na Engare Nanyuki.

Kilichotokea huko kinajulikana. Novemba 1951 serikali ya kikoloni iliwafukuza Wameru wapatao 3,000 kutoka Engare Nanyuki, nyumba zikachomwa, ili Wazungu wafuge ng'ombe. Mwaka 1952 Kirilo Japhet, mjumbe wa Wameru, alifika New York na kuueleza Umoja wa Mataifa kesi yao. Kesi ile husimuliwa kama kesi ya ardhi, na ni haki. Mimi kama fundi naona na jambo la pili. Mto Engare Nanyuki una floraidi zaidi ya mara kumi ya kiwango cha Shirika la Afya Duniani, ambacho ni miligramu 1.5 kwa lita. Yaani watu walifukuzwa hata kwenye maji mabaya, baada ya ardhi nzuri kuchukuliwa mapema. Ukiniuliza, madoa ya meno yetu yana historia ya ukoloni ndani yake, si jiolojia peke yake.

Uhuru haukuondoa floraidi. Mwaka 1974 kiwango cha muda cha floraidi kilichoruhusiwa katika maji ya vijijini kilikuwa miligramu 8 kwa lita. Tungefanyaje? Ungefunga visima vyote, watu wangekunywa nini? Baadaye kikashuka hadi 4, na siku hizi ni 1.5.

Jirani yetu hapa, Ngurdoto, kuna kituo cha Wizara ya Maji cha utafiti wa kuondoa floraidi. Dawa yao ni mifupa ya ng'ombe. Inachomwa kwenye tanuri mpaka iwe mkaa, inapondwa iwe chenga nyeusi, inajazwa kwenye ndoo, maji yanapita humo taratibu na kutokea kwenye koki. Koki hizo nimezifunga sana. Swali la kwanza huwa, "Fundi, si ya nguruwe hiyo?" Si ya nguruwe. Tatizo ni jingine: chenga zikichoka hazishiki floraidi tena, na maji yanaendelea kutoka meupe vilevile. Mwenye nyumba hajui mpaka yapimwe.

Basi ukinunua kiwanja huku, usiulize bei na barabara tu; uliza maji yanatoka chanzo gani na yalipimwa lini. Usijidanganye kwa kuyachemsha, maana mvuke unaondoka, floraidi inabaki. Magadi ya kulainishia makande nayo yana floraidi, yapunguze. Kama una mtoto chini ya miaka minane, mtafutie maji ya mvua au yaliyochujwa floraidi ya kunywa na kupikia, kwa sababu meno yake ya ukubwani yanajengwa sasa, na yakishaharibika fundi bomba hana la kukusaidia.