Risasi moja kwa bastola na bunduki

Mwaka 1873 huko Marekani, Winchester walitoa bunduki inayokokiwa kwa mkono wa chuma ulio chini yake. Risasi yake: .44-40. Mwaka uleule Colt wakatoa bastola ya risasi sita, lakini ya .45. Mwenye silaha zote mbili alibeba risasi za aina mbili, na akizichanganya gizani, ya bastola haiingii kwenye bunduki. Aliyewahi kukimbia na mzigo kichwani anaelewa. Kabla ya 1880 Colt walikuwa wakiuza bastola ya .44-40. Wengi waliichagua, ingawa risasi ya .45 ilikuwa nzito zaidi: mkanda mmoja ulitosha.

Kwetu Kongo, msafara wa Stanley wa 1887 ulileta Remington 510 na Winchester 50, kila aina na risasi zake. Wapagazi, wengi kutoka Zanzibar, walizibeba msituni Ituri huku njaa ikiwaua.