Mbeleko ya Mashine: Jina la Kifaa Kinachobeba Msumeno wa Mpini Mrefu

Anayenunua Kariakoo msumeno wa mpini mrefu, ule wa kupogolea matawi ya juu, mara nyingi hukuta ndani ya boksi mkanda mwembamba wa bega moja. Muuzaji huuita mkanda. Kijitabu cha maelezo huuita kwa jina la Kiingereza, ambalo mafundi hulitamka hanesi. Ukiifuata hanesi katika kamusi, unafikishwa kwa farasi na punda: hatamu, lijamu, matandiko. Nao wapanda minara ya simu na nguzo za umeme wana hanesi yao, ile ya kuzuia kuanguka. Hapo pana vitu vitatu vyenye kazi tatu, na vyote vimerundikwa chini ya jina moja. Makala haya yanakitafutia jina kile cha kwanza, kwa kuwa fundi asiyejua kukitaja kifaa hajui kukiulizia dukani, na asiyejua kazi yake hukichagua vibaya.

Haja ya kifaa hiki inaonekana wazi pembezoni mwa Dar es Salaam. Bunju, Boko na Mbweni upande wa Kinondoni, Chamazi na Toangoma upande wa Temeke, viwanja vingi vimezungushiwa michongoma, minyaa au miashoki, na ndani yake mna miembe na mikungu. Masika ya Machi hadi Mei na vuli ya Oktoba hadi Desemba hukuza matawi kwa kasi, na mvua zikikatika mafundi wa bustani hutafutwa kila mtaa. Zamani kazi hii ilikuwa ya kupanda mti na panga. Msumeno wa mpini mrefu umemshusha fundi ardhini, jambo la heri kubwa, lakini uzito uliokuwa ukibebwa na mti umehamia mikononi mwake.

Uzito huo una hesabu yake. Chukua mashine ya umeme ya kilo 5 ambayo mota yake iko juu, kwenye kichwa cha msumeno. Tuseme kitovu cha uzito kiko sentimita 60 mbele ya mkono wa mbele, na mkono wa nyuma uko sentimita 60 nyuma ya huo wa mbele. Ili kichwa kisidondoke, mkono wa nyuma lazima ukandamize chini kwa nguvu ya kilo 5, na wa mbele uinue kilo 10. Urefu peke yake umeufanya mkono mmoja ubebe mara mbili ya uzito wa mashine. Zile za injini ya petroli, ambazo injini hukaa mkiani, hutulia vizuri zaidi, lakini nyingi hufika kilo 7 na kuendelea, na kila unapourefusha mpini, kitovu cha uzito husogea mbele. Mchana kutwa, mabega na kiuno ndivyo hulipa.

Kifaa tunachokizungumzia huipokea mashine karibu na kitovu chake cha uzito, kikauhamishia mzigo mabegani na kwenye nyonga, ili mikono ibaki na kazi ya kuongoza tu. Kazi yake basi ni kubeba. Hatamu kazi yake ni kuongoza, na ndiyo maana siasa ya Tanzania ilipata msemo wa chama kushika hatamu: anayeishika ndiye anayeamua njia. Mkanda wa usalama, uwe wa gari au wa mpanda nguzo, kazi yake ni kuzuia mwili usirushwe au usianguke. Kuchanganya kubeba na kuzuia ni hatari ya kweli. Kifaa cha kubebea mashine hakikutengenezwa kudaka mwili wa mtu. Bizimu zake ni za kufunguka upesi. Fundi akisikia vyote vinaitwa hanesi, anaweza kupanda nacho mwembe akiamini amejifunga salama.

Majina yaliyopo tuyapime. Mkanda ni neno jepesi, lakini linataja umbo bila kazi: kuna mkanda wa suruali, mkanda wa mashine ya kusaga, hata mkanda wa kinasa sauti. Hanesi ina faida ya kufanana na lugha za viwanda duniani, ila inabeba mkanganyiko ule ule tunaotaka kuukimbia. Kibebeo kinasema kazi, lakini kikapu nacho ni kibebeo. Vigezo vya istilahi vinavyojulikana kwa jina la PEGITOSCA, vilivyopendekezwa na mwanaisimu wa Uganda, K. B. Kiingi, hutaka neno liwe sahihi, fupi, wazi, lenye kuzaa maneno mengine, na likubalike kwa watumiaji. Kwa mizani hiyo napendekeza mbeleko, na pale panapohitajika ufafanuzi, mbeleko ya mashine.

Mbeleko imetokana na kitenzi beleka, yaani kubeba mtoto mgongoni. Mama aliyembeleka mwanawe vizuri huulaza uzito mgongoni na juu ya nyonga, mikono yake ikabaki huru kutwanga, kufagia au kuchota maji. Huo ndio utaratibu wa kifaa chetu, hatua kwa hatua. Tena neno lenyewe limekwisha kuvuka mpaka wa nguo: vibebea watoto vya kisasa, vyenye mikanda ya mabega na bizimu za plastiki, navyo huitwa mbeleko. Wapo watakaosema mwanamume hatakubali kuvaa mbeleko. Lugha yetu imevuka vizuizi vikubwa kuliko hicho: ililichukua jina la kifaru, mnyama wa porini, ikalipa gari la vita, na leo hakuna askari anayeshtuka. Neno la kazi hupata heshima kwa kufanya kazi.

Neno mbeleko linazaa pia. Fundi anaweza kusema amebeleka mashine, au mashine imebelekwa vibaya. Sehemu zake nazo zina majina tayari. Mikanda ya mabega inajieleza. Ule mpana unaofungwa juu ya nyonga unaweza kuitwa mkaja, kama nguo anayojifunga mzazi tumboni baada ya kujifungua. Bizimu ni kifungio cha mkanda, kulabu ndiyo inayoshika pete ya mpini, na kitu cha kuifungua mashine kwa ghafla ni kifyatuo.

Jina likieleweka, uchaguzi unakuwa mwepesi. Swali la kwanza ni mzigo unakwenda wapi. Mbeleko ya bega moja, inayokatiza kifua, inatosha kwa mashine nyepesi na kazi fupi, mfano kunyoosha ua wa michongoma usawa wa kifua. Mashine nzito inataka mabega mawili na mkaja. Wahenga walisema ukitaka kuruka, agana na nyonga; na anayebeba naye aagane nazo. Funga mkaja kwanza, ukae juu ya mifupa ya nyonga, ndipo ukaze mikanda ya mabega. Ukianzia mabegani, mkaja utaning'inia bila kazi.

Swali la pili ni kazi iko juu au chini. Mbeleko za mashine za kufyekea nyasi zina bamba na kulabu pembeni mwa paja, kwa sababu nyasi ziko chini. Kwa matawi ya juu, kulabu hiyo humvuta fundi kila anapoinua mpini. Anayepogoa juu siku nzima atafute ile yenye fremu mgongoni na mkono unaopita juu ya kichwa, ambako mashine huning'inizwa kwa kamba ya kunyumbuka. Ni ya bei na ina joto, basi mgongo wake uwe wa wavu unaopitisha hewa.

Jaribu dukani. Vaa, tundika mashine ikiwa imezimwa, uachie mikono taratibu: isiinamishe kichwa wala mkia kwa nguvu. Ikiinama, sogeza pete kwenye mpini. Kisha vuta kifyatuo kwa mkono mmoja. Kisipoachia mara moja, iache dukani, kwa sababu tawi likinasa msumeno au injini ikishika moto, hutakuwa na muda wa kuhangaika na mikanda. Fundi wa mabegi anaweza kushona upya mkanda uliochakaa kwa jua na jasho, lakini asishone juu ya kifyatuo. Walio karibu na bahari, kama Kunduchi na Mbweni, wakague kulabu za chuma, maana chumvi huzila.

Jambo la mwisho ni nyaya. Mpini wa alumini hupitisha umeme, na mbeleko humfunga mtu na mashine yake. Baadhi ya vijitabu vya watengenezaji hutaka umbali wa mita 15 kutoka kwenye nyaya zenye umeme, na mitaani kwetu nyaya hizo hupita sambamba na kuta na ua. Tawi lililozifikia ni kazi ya shirika la umeme, TANESCO, hata kama mwenye nyumba ana haraka. Kwa aliyeajiri, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka ampe mfanyakazi vifaa vya kumkinga. Mbeleko inayofaa ihesabiwe humo pamoja na kofia ngumu na miwani.

Kwa watunga kamusi, na kwa Baraza la Kiswahili la Taifa, BAKITA, lenye dhamana ya istilahi tangu 1967, fasili ninayoipendekeza ni hii: mbeleko ya mashine, nomino, mikanda inayovaliwa mabegani na kiunoni ili kuubebesha mwili uzito wa mashine ya mkononi, yenye kifyatuo cha kuiachia upesi, si kifaa cha kuzuia kuanguka. Kifungu hicho cha mwisho kisiachwe katika tafsiri yoyote, kiwe kwenye kamusi au kwenye karatasi iliyobandikwa juu ya boksi dukani.