Ghala la Maji la Mtera

Umeme ukikatika Kikuyu, jijini Dodoma, kinachonyamaza kwanza ni mashine ya kusaga. Mkanda unalegea mwendo, mtama uliokwisha kumiminwa unakwama mdomoni mwa mashine, na akina mama waliopanga foleni wanakalia ndoo zao. Fundi wa kuchomelea anavua miwani. Jioni ikiingia, mabweni ya Chuo Kikuu cha St John's, kilichofunguliwa 2007 palipokuwa shule kongwe ya Mazengo, yanamulikwa kwa tochi za simu. Swali ni lilelile kila mara: ni hitilafu, au mgao umerudi?

Historia ya mgao ina makazi yake, na makazi hayo yako takriban kilomita 120 kusini mwa Dodoma. Barabara ya Iringa inapita juu ya tuta la Mtera. Upande mmoja maji yanaenda mpaka macho yanachoka. Upande wa pili ni bonde la mawe ambamo mto Ruaha Mkuu unaendelea na safari yake. Wauza samaki wanayafuata magari yanayopunguza mwendo, mikononi wameshika perege na kambale. Msafiri akiona nguzo na nyaya pale, anadhani bwawa lilichimbiwa mitambo iliyo chini yake.

Sivyo lilivyoanza. Mitambo ya Kidatu, mbali zaidi kufuata mkondo wa mto huohuo, ilianza kuzalisha 1975, na kufikia 1980 uwezo wake ulikuwa megawati 204. Lakini bwawa la Kidatu ni dogo, na Ruaha hufurika masika kisha hunywea kiangazi. Ndipo likajengwa tuta la Mtera, liyakamate maji ya mvua na kuyaachia kidogo kidogo miezi ya jua. Mitambo ya Mtera yenyewe, megawati 80, ilikamilika 1988. Kabla ya hapo, kazi ya Mtera ilikuwa kutunza tu.

Wagogo wa Dodoma wanaijua kazi ya kutunza. Dodoma hupata chini ya milimita 600 za mvua kwa mwaka, na njaa waliyoiita Mtunya, ya kati ya 1917 na 1920, iliua watu wengi mno kwa sababu majeshi ya Vita Kuu yalikuwa yamekwisha kuchukua nafaka na ng'ombe. Mvua ilipokosekana, hapakuwa na akiba.

Mtera nayo ilikuja kukaukiwa na akiba. Mitambo yake hutakiwa kuendeshwa maji yakiwa kati ya mita 690 na 698.5 juu ya usawa wa bahari. Tangu 1993 Ruaha umekuwa ukikatika mtiririko kiangazi, maji yakiishia kwenye mashamba ya mpunga ya bonde la Usangu na njiani kote. Mgao ukaja miaka ya mwanzo ya tisini, ukarudi 2006 maji yalipozama chini ya mita 690. Serikali ikakimbilia mitambo ya kukodi, na mkataba wa kampuni ya Richmond uliotokana na haraka hiyo ukamfanya Waziri Mkuu Edward Lowassa ajiuzulu Februari 2008. Kwa hiyo Tanzania ilionja mapema shida ambayo mataifa mengi yanaikuta sasa: chanzo safi kinachotegemea hali ya hewa, bila akiba ya kutosha nyuma yake. Kwa miaka mingi kilichoziba pengo ni gesi ya Songo Songo, iliyoanza kuzalisha umeme 2004.

Leo tatizo limegeuka sura. Mtambo wa kwanza wa Bwawa la Nyerere mtoni Rufiji, lenye uwezo wa megawati 2,115, uliwashwa Februari 2024. Mwezi uliofuata shirika la umeme, TANESCO, likazima vituo vitano vya maji kwa sababu umeme ulizidi mahitaji. Aprili 1 hitilafu ya gridi ikaiacha sehemu kubwa ya nchi gizani. Ukubwa wa bwawa peke yake haulindi gridi. Umeme unaozalishwa na unaotumiwa lazima ulingane kila sekunde, mapigo yakibaki kwenye hezi 50. Mtambo mkubwa ukichomoka ghafla, kinachochelewesha anguko ni uzito wa mitambo mingine inayozunguka, kama gurudumu la baiskeli linavyoendelea kuzunguka mguu ukishaacha kukanyaga.

Paneli za jua hazina gurudumu hilo. Kusini mwa Australia jimbo zima lilizimika Septemba 2016, na mwaka uliofuata likafungiwa betri kubwa ya megawati 100 kwa ajili ya kudaka mishtuko. Hapa Tanzania, mradi wa jua wa Kishapu, Shinyanga, umepangwa kufikia megawati 150, na mkoa huo umeunganishwa na Iringa kwa njia ya kilovolti 400 inayopitia Dodoma na Singida. Mchana, Kishapu ikizalisha, Mtera inaweza kufunga milango na kutunza maji. Jua likizama na mashine za Kikuyu zikiwa bado zinasaga, maji hayo yafunguliwe. Ndiyo kazi iliyojengewa tangu 1980.