Askofu na Nduna

Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, Dar es Salaam, wengi hulijua kwa mnara wake unaotazama bandari. Sisi wa Songea tunafungamana nalo kwa njia nyingine. Wabenediktini wa Kijerumani walilijenga kati ya 1897 na 1902. Mwaka 1898 mmoja wao, Cassian Spiss, alianzisha misheni ya Peramiho, nje ya Songea. Mwaka 1902 akawa askofu, makao yake Dar es Salaam.

Agosti 1905 alitoka Kilwa kuja huku kwetu wakati Vita vya Majimaji vimeshawaka. Tarehe 14 aliuawa njiani, upande wa Liwale, pamoja na mabruda wawili na masista wawili. Mwezi uliofuata Peramiho ilichomwa moto.

Tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga viongozi wa Wangoni hapa Songea. Nduna Songea Mbano, mwenye jina la mji wetu, naye alinyongwa mwaka huo. Baadhi yao walibatizwa kabla ya kupandishwa kitanzini.

Hapo kwenye ubatizo ndipo ninapokwama. Mtu aliyefungwa kamba anaweza kweli kukataa maji?

Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alikuja Songea kuomba msamaha. Naona vyema. Lakini sisi Wakatoliki wa hapa bado tuna deni letu: tunapomwombea askofu, tumtaje na nduna.