Imani na Matumbawe: Hifadhi ya Kisiwa cha Misali, Pemba

Kisiwa cha Misali, kilichoko magharibi ya mji wa Chake Chake, kina eneo la takriban kilomita moja tu ya mraba, lakini kwa vizazi vingi kimewategemeza wavuvi wa Pemba, ambao huenda dago huko, yaani huweka kambi ya muda karibu na maji wanayovua, na ambao wamekirithi pia kama mahali penye heshima ya kidini. Masimulizi ya wenyeji yanaeleza kuwa Nabii Khidhri alifika hapo akaomba msala wa kusalia, na alipoukosa akakifanya kisiwa chenyewe kuwa msala wake, kwa kuwa kimeelekea kibla.

Mwaka 1998 Serikali ya Zanzibar ilikitangaza kuwa hifadhi, na maji ya upande wa magharibi yakatengwa yasivuliwe kabisa. Hata hivyo walinzi wachache hawakuweza kuilinda bahari yote, ilhali mlipuko mmoja wa baruti ya kuvulia huua samaki wakubwa na wachanga na kuvunjavunja matumbawe, yaani miamba inayojengwa na wanyama wadogo wa baharini kwa miaka mingi. Ndipo kuanzia mwaka 1999 taasisi ya Kiislamu ya mazingira ya IFEES ya Birmingham, iliyoasisiwa na Fazlun Khalid, ikishirikiana na shirika la CARE, ilipokaa na wavuvi, maimamu na walimu wa madrasa kuyatazama upya mafundisho ambayo wote walikwisha kuyajua: ukhalifa, yaani dhamana aliyopewa binadamu ya kuitunza ardhi, na mizani, yaani uwiano ambao Mwenyezi Mungu ameuweka kati ya viumbe vyake. Mafundisho hayo yalikuwa na nguvu ambayo kanuni za hifadhi hazikuwa nayo, kwani mvuvi aliyeweza kumkwepa mlinzi usiku aliamini kwamba Mola wake anamwona.

Lakini mwaka uleule wa 1998 joto la bahari lililoambatana na El Niño liliyafanya matumbawe ya Misali yafukuze vijimea vinavyoyalisha, yakapauka, na sehemu kubwa ikafa, bila mvuvi yeyote kutenda kosa. Juhudi za misikitini hazikuwa bure kwa sababu hiyo, maana mwamba uliofia mahali pake huwapa matumbawe machanga pa kushika, ilhali vifusi vya baruti hubiringishwa na mawimbi, na kila kinachoota juu yake husagika. Kulizuia joto lenyewe, hata hivyo, hakukuwa katika uwezo wa Wapemba. Mwezi Agosti 2015, Khalid akiwa miongoni mwa waandaaji, wanazuoni na wanaharakati wa Kiislamu waliokutana Istanbul walitoa azimio kuhusu mabadiliko ya tabianchi, ambamo dhamana ileile waliyokumbushwa wavuvi iliwekwa mbele ya mataifa tajiri na yale yanayochimba mafuta, mengi yakiwa ya Waislamu, nayo yakatakiwa yaongoze katika kukomesha utoaji wa gesi zinazoipasha dunia joto, mapema iwezekanavyo na kabla ya kupita katikati ya karne hii.