Stesheni ya Shinyanga na Njia ya Usukuma

Kabla ya mwaka 1928 pamba ya Usukuma ilielekea Mombasa. Ilipelekwa Mwanza, ikapakiwa melini na kuvushwa ziwa hadi Kisumu, ambako reli ya Uganda ilikuwa imefika tangu 1901. Hivyo mkulima wa Shinyanga alitawaliwa kutoka Dar es Salaam, lakini mazao yake yalipitia nchi ya jirani. Jambo hili aghalabu husahauliwa tunapowafundisha vijana historia ya reli.

Reli ya Kati, ambayo Wajerumani walianza kuijenga mwaka 1905, ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, ikaiacha Usukuma kando. Waingereza ndio waliotoa tawi kutoka Tabora kwenda kaskazini, kupitia Shinyanga, likafika Mwanza mwaka 1928. Haikuwa huruma, walitaka pamba. Hata hivyo, treni iliyobeba marobota iliwabeba pia vijana waliokwenda kuwa manamba katika mashamba ya mkonge, nao wakarudi na nguo, baiskeli na lugha ya Kiswahili. Ama kwa hakika, kwa Wasukuma wengi stesheni ndiyo iliyokuwa mlango wa kuingilia Tanganyika.

Geita haikuupata mlango huo. Dhahabu yake ilichimbwa tangu enzi za ukoloni hata mgodi ulipofungwa mwaka 1966, pasipo reli kufika huko.

Mwaka 2021 liliwekwa jiwe la msingi la reli mpya kati ya Mwanza na Isaka, yenye urefu wa kilomita 341. Upana wake ni milimita 1435, na ule wa reli ya zamani ni 1000. Behewa la njia moja haliwezi kupita juu ya nyingine. Ndiyo maana haitoshi kuyapaka rangi majengo ya kale: sharti zijengwe stesheni mpya, kama ile ya Dar es Salaam iliyoanza kupokea abiria wa treni za umeme mwaka 2024.

Je, stesheni ya kale ya Shinyanga ifanywe nini? Wapo watakaosema ni mali ya mkoloni, ibomolewe. Mimi sikubaliani nao. Mkoloni alichora ramani tu. Tuta lilipandishwa kwa majembe ya wananchi, na nauli ya daraja la tatu ilitoka katika pamba yao. Wazee waliosafiri katika mabehewa hayo wangali wapo vijijini, na mwalimu wa historia anaweza kuwapeleka wanafunzi wake wakawasikilize mwaka huu huu.